Damu tutoe sisi, majibu wapewe wengine?

Mimi nyumbani ni Mbeya, chuo ni Iringa.

Likizo iliyopita nilikwenda kumsalimia shangazi yangu. Anaishi kijiji kimoja kando ya barabara kuu, anauza chakula kwa madereva wa malori. Baada ya shikamoo na chai, akaniambia nimsubiri, akaingia chumbani, akatoka na mfuko wa nailoni. Ndani kulikuwa na kadi yake ya mpiga kura, picha ya marehemu mume wake, na karatasi moja iliyokunjwa mara nne mpaka imeanza kukatika kwenye mikunjo. Akasema, "Mwanangu, wewe si unasoma sheria? Hebu nisomee hii, uniambie kama inasema watarudi."

Ilikuwa fomu ya ridhaa. Miaka kadhaa iliyopita alikubali kushiriki utafiti wa afya. Gari lilikuwa likija, vijana wenye makoti meupe wanaita majina, mnapimwa, mnatolewa damu, mnaulizwa maswali mengi, mengine ya aibu, mnapewa nauli na sabuni, mnarudi kwenu. Sitataja mradi wala waliouendesha, maana sina nia ya kumshtaki mtu hapa. Tena shangazi hana kinyongo nao hata kidogo. Anasema walikuwa watu wazuri, wana heshima, na walipomkuta na tatizo walimpa rufaa akatibiwa. Mpaka leo anaikumbuka namba yake ya ushiriki kuliko anavyoikumbuka namba yangu ya simu.

Basi siku moja gari likaacha kuja, ikaishia hapo.

Nikaisoma ile fomu mara mbili. Ina haki ya kukataa, haki ya kujitoa muda wowote bila kunyimwa matibabu, ahadi ya usiri, na mtu wa kumpigia ukiwa na malalamiko. Imeandikwa vizuri, mwalimu wangu wa sheria ya mikataba angeipa alama za juu. Kitu ambacho hakimo ni jibu la swali la shangazi: kwa jumla, mlipomaliza, mligundua nini? Tulikuwa wangapi wenye shida? Kilichofanywa kilisaidia au hakikusaidia?

Nilimwambia ukweli. "Shangazi, haisemi kama watarudi." Akaikunja tena mara nne, akairudisha kwenye mfuko.

Makamanda, nimeamua kuandika kuhusu jambo hili kwa sababu naona kwenye kurasa zetu tunapiga kelele sana kuhusu mikataba ya bandari, madini na ardhi (na tupige), lakini kuna kitu kingine kinachotoka mikoa yetu kila siku ambacho hatukidai hata risiti yake, nacho ni takwimu za miili yetu.

Mtu wa Dar anaweza asijue kwamba Nyanda za Juu Kusini ni moja ya sehemu zilizochunguzwa sana Afrika katika mambo ya UKIMWI. Tangu miaka ya 1990 kuna ubia mkubwa Mbeya: wataalamu wetu, Chuo Kikuu cha Ludwig Maximilian cha Munich kule Ujerumani, na taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani iitwayo Walter Reed. Leo ndipo kilipo kituo cha Mbeya cha NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mwaka 2000 walianza kuwafuatilia wanawake 600, wahudumu wa baa kutoka maeneo 17 kando ya barabara hii hii ya Tanzania na Zambia. Walipopimwa mara ya kwanza, asilimia 68 walikuwa na VVU. Soma tena: karibu 7 katika kila 10. Baada ya miaka kadhaa ya kupimwa mara kwa mara, kutibiwa magonjwa ya zinaa na kupewa ushauri, maambukizi mapya kati yao yalishuka. Halafu kati ya mwaka 2006 na 2011 ukaja utafiti mkubwa zaidi, EMINI, uliopita nyumba kwa nyumba katika maeneo 9 ya mkoa na kuwafuatilia takriban watu 17,000. Majaribio ya awali ya chanjo ya VVU nayo yalifika Mbeya. Dawa za kifua kikuu pia zimejaribiwa hapa.

Kwa nini waje kwetu? Kwa sababu ugonjwa uko kwetu. Utafiti wa kitaifa wa 2007-08 uliikuta Iringa, wakati huo Njombe ikiwa ndani yake, na asilimia 15.7 ya watu wazima wenye VVU, ya kwanza nchini. Utafiti wa mwaka 2022-23 umekuta Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati taifa zima ni asilimia 4.4. Miaka 15 imepita, na jedwali bado linaanzia kwetu.

Kwa hiyo naomba nisieleweke vibaya. Mimi sipingi utafiti. Wale wanaosema kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba wazungu wanakuja kuchukua damu wakauze, sina habari nao. Dada yangu mkubwa ni muuguzi, na dawa anazogawa zipo kwa sababu kuna watu mahali fulani walikubali kujaribiwa. Utafiti unaokoa watu. Ninachouliza ni swali la kisheria: matokeo ni ya nani?

Chukua mfano wa Kyela. Kutokana na wale watu wa EMINI, watafiti waligundua kitu cha ajabu. Watu wa Kyela waliokuwa na minyoo inayosababisha matende walikuwa wanapata maambukizi ya VVU takriban mara mbili zaidi ya wenzao wasio na minyoo hiyo. Yaani mdudu anayeletwa na mbu anaweza kuwa anaufungulia mlango ugonjwa wa zinaa! Yalichapishwa mwaka 2016 kwenye jarida la Lancet la London, moja ya majarida makubwa kabisa ya tiba duniani. Mimi niliyasoma nikiwa maktaba, Iringa, nikitafuta kitu kingine kabisa. Nikajiuliza: diwani wa kata ya kule anapokaa na wenzake kupanga kama gari la kugawa dawa za matende lipewe mafuta au lisubiri, ana hii karatasi mezani? Je, kuna sheria inayomlazimisha mtu yeyote kumpelekea?

Hapo ndipo nikaanza kuchimba.

Utafiti wowote wa afya nchini unahitaji kibali cha maadili. Kibali hicho kina masharti nyuma yake, na masharti hayo nawaomba mwanafunzi yeyote wa sheria ayasome kwa makini, maana hayana kurasa nyingi. Mtafiti mkuu atoe ripoti ya maendeleo kila baada ya miezi sita, iwafikie Wizara ya Afya, NIMR, Mganga Mkuu wa Mkoa na Mganga Mkuu wa Wilaya. Ruhusa ya kuchapisha matokeo iombwe NIMR. Nakala za machapisho ya mwisho zipelekwe Wizarani na NIMR. Atakayekiuka anatenda kosa na anaweza kutozwa faini, chini ya kifungu cha 10(2) cha Sheria ya NIMR, Namba 23 ya mwaka 1979.

Sasa hesabu waliotajwa. Wizara. Taasisi. Mganga wa mkoa. Mganga wa wilaya. Hamna kijiji. Hamna mtaa, wala kata, wala Baraza la Madiwani. Shangazi yangu hayupo. Miongozo ya maadili inazungumzia kurudisha matokeo kwa jamii, sikatai, na najua wapo watafiti waungwana wanaofanya hivyo kwa moyo wao. Ila sisi wa sheria tunajua tofauti kati ya mwongozo na sharti lenye faini. Ukisahau kupeleka nakala Wizarani umetenda kosa. Ukisahau kumwambia aliyetoa damu, hujakosea popote.

Sheria yenyewe ni ya 1979. Ilitungwa tukiwa chama kimoja, redio moja, na dhana kwamba Serikali ikishajua basi wananchi wamejua. Dhana hiyo haijafutwa mpaka leo.

Mtu atasema, "Sasa mwanakijiji atafanya nini na takwimu?" Nimelisikia hili mpaka kwa wasomi wenzangu. Jibu langu ni kwamba takwimu zikifika mahali pa uamuzi zinafanya kazi, na mfano tunao humu humu nchini. Miaka ya 1990 kulikuwa na mradi ulioitwa TEHIP, ubia wa Wizara ya Afya na Wakanada wa IDRC, katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Walichofanya si kitu cha ajabu. Walikusanya takwimu za vifo nyumba kwa nyumba, wakazigeuza kuwa michoro ambayo mtu wa kawaida anaielewa, wakawapa timu za afya za wilaya pamoja na nyongeza ndogo ya fedha. Ikaonekana, kwa mfano, kwamba Morogoro malaria ilikuwa inachukua karibu theluthi moja ya miaka ya uhai inayopotea, lakini bajeti ilikuwa inaipa asilimia 5. Hakuna aliyekuwa ameiba. Hawakuwa wanajua tu! Walipoona mchoro wakahamisha fedha. Katika miaka michache vifo vya watoto kwenye wilaya hizo vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40. Utafiti ule ule, damu ile ile, tofauti ni nani aliyepewa majibu na kwa lugha gani.

Hata hapa Iringa tuna mfano mzuri, na wa kwetu kabisa. Baada ya majaribio ya Kenya, Uganda na Afrika Kusini kuonyesha kwamba tohara inapunguza kwa karibu asilimia 60 uwezekano wa mwanaume kuambukizwa VVU, Serikali na wabia wake, Jhpiego kwa fedha za Marekani, wakaanza Iringa. Wahudumu wakagundua kitu ambacho hakikuwa kwenye mpango wa Geneva wala Washington: wanaume wa huku wanakuja kipindi cha baridi. Wanaamini kidonda kinapona haraka Juni na Julai, tena mavuno yameisha na shule zinafungwa. Basi mwaka 2010 wakaweka kampeni ya wiki 6 kwenye vituo 5 katika baridi hiyo hiyo. Lengo lilikuwa watu 6,000. Wakaja 10,352. Tathmini iliyofuata ikagundua pia kwamba wababa wengi hawaji kwa sababu wanaona aibu kupanga foleni na watoto wadogo. Kitu kidogo kama hicho! Huwezi kukijua ukiwa Dodoma. Unakijua ukimuuliza mtu wa Mafinga na ukasikiliza anachojibu.

Kwa hiyo ubia wa utafiti na tathmini unaweza kuwa chombo kizuri mno mikononi mwa idara za afya. Tatizo linaanza pale majibu yanapokuwa na ladha chungu kwa wakubwa.

Desemba 2016, Dkt. Mwele Malecela, mkurugenzi mkuu wa NIMR, mwanamke na mwanasayansi ambaye sisi mabinti tulikuwa tunamtaja kwa fahari, aliwaeleza waandishi wa habari kwamba utafiti umekuta dalili za virusi vya Zika kwenye damu ya watu nchini: sampuli 533 zilipimwa, asilimia 15.6 zikaonyesha. Haukupita muda mrefu, ni suala la siku, Rais Magufuli akatengua uteuzi wake. Mimi nilikuwa shule ya sekondari. Nakumbuka redio ikitangaza na mwalimu wetu wa baiolojia akinyamaza kidogo kisha akaendelea na somo. Dkt. Mwele alikwenda Shirika la Afya Duniani akaongoza idara ya magonjwa yaliyosahaulika, mpaka alipofariki Februari 2022. Geneva walimpokea, sisi tulimfukuza.

Miezi miwili tu baadaye, Februari 2017, Wizara ya Afya ikasitisha huduma za VVU katika vituo 40 vya kijamii, kwa madai kwamba vinahamasisha ushoga. Najua mada hii ina moto na wengine humu ndani hamtanipenda. Lakini angalieni kitu kimoja. Wakati huo huo, hapa mkoani Iringa, ulikuwa unaendelea utafiti wenye vibali vyote uitwao Shikamana, ubia wa watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Marekani, uliohusisha wanawake 496 wanaofanya biashara ya ngono katika jamii mbili. Moja ya vitu vilivyokuwa vinajaribiwa ni kituo cha kijamii ambapo wanawake hawa wanakutana, wanaelimishana, wanasindikizana kliniki. Matokeo yalipotoka, baada ya miezi 18, upande uliopata mpango huo maambukizi mapya yalikuwa asilimia 5.0, upande mwingine asilimia 10.4. Nusu. Yaani mkono mmoja wa Serikali ulikuwa umetoa kibali tupime kama njia hii inafanya kazi, mkono mwingine unafunga vituo kabla hata majibu hayajatoka. Sasa utafiti ulikuwa wa nini?

Mwaka 2018 ndo wakamalizia kabisa. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu yakafanya kuwa kosa la jinai kusambaza taarifa zinazopingana au kutia doa takwimu rasmi, adhabu faini isiyopungua milioni 10 au jela miaka mitatu. Benki ya Dunia ikapiga kelele, mwaka 2019 vifungu vikalegezwa. Haya, vimelegezwa. Lakini hofu haifutwi kwa tangazo la gazeti la Serikali. Kisha ikaja korona, na tangu Mei 2020, tukiwa na wagonjwa 509 na vifo 21 kwenye hesabu rasmi, nchi ikaacha kuhesabu kwa zaidi ya mwaka. Mtaani kwetu tulikuwa tunahesabu kwa idadi ya matanga.

Sasa njoo kwenye upande wa mfadhili, maana tusiilaumu Serikali peke yake, ingawa ndiyo kazi yetu.

Huo utafiti wa VVU wa 2022-23 niliotaja hapo juu ulifanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu pamoja na Tume za UKIMWI za Bara na Zanzibar, kwa msaada wa kitaalamu wa ICAP ya Chuo Kikuu cha Columbia, na fedha za PEPFAR. Ni kazi nzuri, na walioshiriki walipewa majibu yao binafsi ya kipimo. Huduma zenyewe za mikoa yetu nazo zilikuwa hivyo hivyo kwa miaka 20: Mbeya na majirani zake kupitia mkono wa jeshi la Marekani, Iringa na Njombe kupitia USAID. Hata mtu anayeingiza takwimu kwenye kompyuta ya kliniki ya CTC mara nyingi ni kijana wa mkataba wa mradi.

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Trump akasaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Mwezi uliofuata mpango wa DHS, ule uliokuwa ukisaidia nchi zaidi ya 90 kufanya tafiti za afya ya uzazi na watoto, ikiwemo yetu ya 2022, ukasimamishwa. Kufikia Julai 1, USAID haipo. Jirani yetu mmoja, kijana wa diploma, alikuwa anaingiza takwimu kwenye kituo cha afya. Siku moja akaambiwa asije kesho. Nilimkuta anauza vocha. Akaniambia kitu ambacho sijakisahau: "Dada, mafaili yapo kwenye rafu, wagonjwa wapo kwenye foleni, ila kwenye mfumo ni kama wamekufa."

Hiyo ndiyo hatari ya kuwa na macho ya kuazima. Mwenye macho akiondoka, tunabaki hatujui hata kama tunapona au tunaumwa. Umoja wa Afrika ulikubaliana Khartoum mwaka 2006 kwamba kila nchi itenge angalau asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti na maendeleo. Miaka 20 baadaye bado tunasubiri uchaguzi wa Ohio utuamulie kama tutahesabiwa. Utafiti wa VVU wa mara ijayo, kwa ratiba ya miaka mitano, unakaribia. Nani analipa? Wabunge wa mikoa yetu wameuliza? Au wanasubiri bajeti isomwe wapige makofi?

Na sisi je? Hapa naomba mnivumilie, maana ni rahisi kuandika makala kama hii nikaishia kuwapiga CCM peke yao.

Kati ya 2015 na 2020 upinzani tuliongoza Halmashauri ya Jiji la Mbeya. Tuliongoza na Manispaa ya Iringa. Tulikuwa na meya, tulikuwa na wenyeviti wa kamati, tulikuwa na wengi kwenye kikao. Nilimtafuta mmoja wa madiwani wetu wa wakati ule, mzee ninayemheshimu, nikamuuliza kama kamati yao iliwahi kumuita Mganga Mkuu alete ripoti hata moja kati ya hizo anazotakiwa kupokea kila miezi sita. Akafikiri. Akasema, "Binti yangu, hatukujua kama zipo." Tulikuwa tumeshikana mashati kuhusu stendi, posho na kodi ya machinga. Sikumlaumu, na bado nililala na hasira. Ripoti ilikuwa umbali wa korido moja kutoka ukumbi wa madiwani, kwa miaka mitano, na hatukuinyoosha mikono.

Kwa hiyo ninachotaka kiingie kwenye sera ya vijana wa chama, kabla ya ilani nyingine haijaandikwa na wazee hotelini, ni hiki. Kwanza kabisa Sheria ya NIMR irekebishwe, ili masharti ya kibali yamtaje aliyetoa damu. Mtafiti akimaliza, muhtasari wa Kiswahili, kurasa mbili tu zinatosha, usomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji au mtaa ulioshiriki, na mtendaji asaini kwamba umesomwa. Bila saini hiyo asipate kibali kingine. Gharama yake ni nauli na karatasi, na iwe ndani ya bajeti ya mradi tangu siku ya kwanza. Ripoti zinazokwenda kwa Mganga wa Wilaya zipitie pia kamati ya huduma za jamii ya halmashauri. Na hiyo ruhusa ya NIMR ya kuchapisha iwekewe muda: kama siku 60 zimepita hawajajibu, mtafiti achapishe. Taasisi isiwe mlinzi wa geti la habari mbaya, hasa pale mkurugenzi wake anapojua kilichompata mwenzake.

Kuhusu majina ya watu, tusichanganye. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na faili la mtu ni siri yake. Mimi naomba hesabu ya jumla. Sitaki kujua nani mtaani kwetu ana nini, nataka kujua tuko wangapi na kama tulichofanyiwa kilisaidia.

Lakini sheria kurekebishwa ni safari, na Bunge lenyewe mnalijua. Kuna mlango mwingine ambao uko wazi leo. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu masuala muhimu kwa jamii. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Namba 6 ya 2016, inampa raia haki ya kuandika barua na kujibiwa ndani ya siku 30. Na hii ndiyo sehemu tamu: haihusu ofisi za Serikali peke yake, inagusa pia chombo binafsi kinachotumia fedha za umma au kinachoshikilia taarifa yenye maslahi makubwa kwa umma. Asasi yenye matokeo ya damu ya kijiji kizima, kwa maoni yangu, inaingia hapo. Najua kuna orodha ndefu ya mambo yaliyozuiwa, na najua watajibu kwamba taarifa ni ya mbia wa nje. Wajibu hivyo kwa maandishi basi, tupate kitu cha kupeleka mahakamani.

Mimi barua yangu nimeshaandika. Ukurasa mmoja, imetaja mwaka wa utafiti, kijiji, na ombi la nakala ya ripoti ya mwisho na muhtasari wake. Haijataja namba ya ushiriki. Shangazi alitaka niiweke ("watanikumbuka kwa hiyo"), nikamkatalia, nikamweleza kwamba namba ile ni siri yake hata kwangu mimi. Tulibishana kidogo, akakubali. Akasaini kwa kalamu ya kijani aliyokuwa anaandikia madeni ya wateja, kwa sababu ya bluu ilikuwa imeisha wino.

Tuliipeleka pamoja, tukagongewa muhuri kwenye nakala. Leo ni siku ya 19.